Nani Atasema Hapana?

Riwaya ya Dick Francis iitwayo Nerve ilitoka mwaka 1964. Nakala yangu niliipata kwa inama, chini kwenye turubai, kati ya Biblia iliyovunjika mgongo na vitabu vya KCPE ambavyo hakuna mtoto atakayevihitaji tena. Shilingi hamsini, na muuzaji akaniangalia kama mtu aliyemwondolea mzigo. Nimeisoma mara mbili. Ni tamu, inakimbia, na inanikera. Nikiulizwa ni kitabu gani kimesema ukweli mwingi zaidi kuhusu ndondi za Eastlands bila kujua kwamba kinausema, nitataja hiki, ambacho hakina bondia hata mmoja ndani yake.

Ni kitabu cha majoki, wapanda farasi wa mashindano. Na Francis hakuwa akiandika mambo ya kuhadithiwa. Alikuwa joki bingwa wa mbio za kuruka vizuizi Uingereza msimu wa 1953/54. Mwaka 1956 alimpanda Devon Loch, farasi wa mama yake Malkia Elizabeth wa Pili, kwenye Grand National. Alikuwa anaongoza, vizuizi vyote vimeisha, watu wameshaanza kushangilia, farasi akatandaza miguu na kulala tumbo kwenye nyasi. Hadi leo watu wanabishana ilikuwa nini. Mwaka uliofuata Francis aliacha kupanda, akaandika habari za mbio kwenye gazeti, na mwaka 1962 akatoa riwaya yake ya kwanza, Dead Cert. Alipofariki mwaka 2010 alikuwa ameacha nyuma zaidi ya riwaya 40, na ukipita kwenye meza za vitabu vya mtumba Nairobi hukosi kukutana na mojawapo, jalada limechanika, jina la mwenyewe wa kwanza limeandikwa kwa kalamu ya wino.

Kisa cha Nerve ni hiki. Rob Finn ni kijana kutoka ukoo wa wanamuziki, yeye peke yake hana sikio la muziki, akachagua farasi. Kitabu kinafunguka kwa joki mmoja kujipiga risasi mbele ya watu uwanjani. Kisha majoki wengine wanaanza kuharibikiwa mmoja baada ya mwingine. Huyu anasemekana anachelewa kazini, yule anasemekana haaminiki. Finn mwenyewe anaanguka, anarudi, na ghafla farasi wake wote wanakimbia kama wamebeba magunia. Uvumi unaenea kwamba ameingiwa na woga. Kumbe kuna mtu wa televisheni, Maurice Kemp-Lore, mtoto wa familia ya farasi ambaye mwili wake hauwavumilii farasi, na wivu umemla hadi akaamua kuwamaliza wale wanaofanya asichoweza kukifanya. Usiku wa kuamkia shindano kubwa anamteka Finn, anamfunga na kumning'iniza kwa mikono kwenye chumba cha hatamu, kwenye banda lililohamwa, na kumlowesha maji katika baridi ya kule. Finn anajinasua. Kesho yake, vifundo vya mikono vimechunika na vidole havina nguvu, anapanda farasi aitwaye Template na kushinda.

Msomaji anashangilia. Mimi pia nilishangilia, saa sita usiku, peke yangu kama mwendawazimu. Francis anajua kuandika maumivu kuliko waandishi wengi wanaosifiwa kuliko yeye. Hapigi kelele. Anakuambia kidole kipi hakikunji, hatamu inashikwaje na mkono usiokunja, na wewe unaanza kukunja mkono wako mwenyewe. Mtu aliyewahi kuvunjika mtulinga ndiye anayeandika hivyo.

Lakini hebu turudi asubuhi ile. Joki anayefika kiwanjani na mikono ile ni hatari kwa nani? Kwake mwenyewe, ndiyo. Kwa farasi pia. Na kwa kila joki mwingine atakayekuwa karibu naye wakienda kizuizini kwa mwendo ule, farasi wa nusu tani, na mbele yao mtu asiyeweza kushika hatamu vizuri. Kitabu hakiulizi. Hakuna daktari wa kiwanja anayeingia kwenye hadithi kusema, kijana, vua glavu nikuone. Wasimamizi wapo, wana kofia na darubini na madaraka ya kumfungia mtu maisha. Katika riwaya za Francis wanafukuza kamari haramu, wanafukuza waliomlisha farasi dawa. Whip Hand, ya mwaka 1979, hata inathubutu kuweka uozo ndani ya idara ya usalama ya wasimamizi wenyewe. Basi anajua kuwatilia shaka. Ila ikifika kwenye mwili wa joki, kimya. Farasi anapimwa damu na mkojo, ana daktari wake, ana mwenye mali anayemlilia. Joki ana moyo wake tu, na kitabu kinatuambia moyo unatosha.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Nerve yenyewe imebeba jibu na haitaki kulisoma. Kemp-Lore anafanikiwaje? Hana bunduki. Anachofanya ni kunong'ona. Anamwambia mwenye farasi huyu, mkufunzi yule, na kufikia wiki inayofuata joki hana kazi. Hiyo ndiyo nguvu yake kubwa. Inafanya kazi kwa sababu joki analipwa kwa kila mbio anayopanda, na asipopanda leo kuna mwingine amesimama mlangoni na buti zake mkononi. Mtu wa namna hiyo atasemaje kwamba mkono unamuuma? Akisema, amejinong'onea mwenyewe. Francis ameuchora mfumo mzima, kazi isiyo na kinga, uvumi unaogeuka njaa, halafu mwishoni anatupa mwendawazimu mmoja wa kulaumiwa. Finn hata hapeleki kesi kwa wasimamizi. Analipiza kisasi mwenyewe, Kemp-Lore anaanguka, na kazi inaendelea ilivyokuwa, malipo yaleyale, mlango uleule.

Na huo mwaka, 1964, dunia ya nje ya kitabu ilikuwa inaandika sura ambayo Francis aliiruka. Desemba 1963 joki Tim Brookshaw alivunjika mgongo Aintree. Miezi michache baadaye, kwenye Grand National ya 1964, kiwanja hichohicho, Paddy Farrell naye akavunjika mgongo. Watu wawili waliokuwa wakilipwa kwa mbio, sasa kwenye viti vya magurudumu. Ilibidi watu wachange. Mchango ule ndio uliokua na kuwa mfuko wa majoki walioumia Uingereza, ambao upo hadi leo. Sheria za kitabibu zilifuata polepole sana. Leo joki wa kule aliyepata mshtuko wa ubongo haruhusiwi kurudi kwa neno lake mwenyewe. Anapimwa, na majibu yanalinganishwa na vipimo vyake vya zamani, vilivyochukuliwa alipokuwa mzima. Mtu anaweza kudanganya kwamba kichwa hakimuumi. Kudanganya karatasi yake ya mwaka jana ni kazi ngumu zaidi.

Sisemi kule kumekuwa peponi. Tony McCoy, bingwa mwenye ushindi wa mbio 4,348 za vizuizi, alivunjika pingili za mgongo Januari 2008 na akaenda kusimama ndani ya chumba cha baridi kali ili apone haraka awahi Cheltenham mwezi Machi. Aliwahi. Magazeti yaliandika kama utenzi. Rob Finn alikuwa mtoto wa karatasi, huyu ni mtu wa nyama, na sifa ni zilezile.

Sasa, Eastlands inaingiaje? Kwanza, farasi si wageni kwetu kama watu wanavyodhani. Barabara ya Racecourse, inayopita Kariokor, haikubandikwa jina hilo kwa mapambo. Kabla ya 1954, mbio za farasi za Nairobi zilikuwa upande wetu, Kariokor na Eastleigh. Mwaka huo zikahamishiwa Ngong Road, kwenye miti na upepo mzuri, na huko ndiko Jockey Club of Kenya inakoendeshea shughuli zake hadi sasa. Sisi tulibaki na jina la barabara, vumbi na matatu.

Na tulibaki na ndondi. Huu ndio mchezo wa Eastlands ambao kijana anauingia bila mtaji zaidi ya mwili. Mpira nao, utasema, na ni kweli, lakini kwenye mpira kuna kumi wengine wa kujificha nyuma yao. Muthurwa, kwenye nyumba za reli, kulikuwa na klabu iliyojulikana kila kona kwa jina la Dallas. Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, ina ukumbi ambao wazee wanaukumbuka kwa siasa za uhuru na vijana wanaujua kwa magumi. Pumwani. Kariobangi, ambako wasichana nao walivaa glavu na kuwafanya baba zao wakune vichwa. Kumbi za kijamii zilizojengwa na halmashauri kwa ajili ya ngoma za Jumamosi zikawa shule.

Lugha ya kumbi hizi ndiyo iliyonifanya nimsome Francis upya. Sikiliza tunavyomsifu bondia. Huyu ni chuma. Huyu hajui kulala. Huyu ana roho ngumu, amekaza, hajaachilia. Mtangazaji akiona damu sauti inapanda. Refa akisimamisha pambano mapema, ukumbi unamzomea, na yule aliyesimamishiwa anaondoka akiwa na aibu ya mtu aliyekimbia hali miguu haikuwa yake tena. Hatuna neno la sifa kwa bondia aliyesema, leo sipigani, mkono umevimba. Tafuta. Nimetafuta kwenye Kiswahili sanifu, nimetafuta kwenye Sheng. Yaliyopo ni ya kumcheka. Ameogopa, amelegea, ame-chicken. Neno jikaze tunaanza kumwambia mtoto akianguka na baiskeli, na hatumwambii lini aache.

Niliwahi kukaa karibu na kona kwenye pambano dogo la mtaani, jina la ukumbi silitaji. Kijana mmoja alikuwa anafungwa bendeji, na mkono wa kulia, juu ya kifundo cha kidole cha kati, ulikuwa na uvimbe kama nusu ya limau. Kocha akaubonyeza. Kijana hakutikisika, ila jicho moja lilijaa maji.

"Tangu lini?"

"Wiki mbili, coach. Ni ya mjengo, nilibeba mawe vibaya."

"Daktari ameona?"

"Daktari ameangalia macho na presha. Mkono hajauliza. Coach, please, usimwambie. Mathe anangoja hiyo doo."

Kocha alinyamaza muda mrefu kidogo. Kisha akaendelea kufunga bendeji, akaibana pale kwenye uvimbe. Na ninaamini alikuwa anampenda yule kijana. Hilo ndilo linalonisumbua. Hapakuwa na Kemp-Lore chumba kile. Palikuwa na watu watatu wazuri, mmoja akiwa nyumbani anangoja doo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na uwezo wa kusema hapana na familia ikala usiku ule.

Kwa hiyo nikisikia mtu akisema, lakini bondia ni mtu mzima, si amechagua mwenyewe, huwa namrudisha Las Vegas mwaka 1994.

Robert Wangila Napunyi ndiye aliyetuletea dhahabu ya ndondi ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, alipomwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili ya fainali. Mpaka leo hakuna Mkenya mwingine aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Fikiria ni mbio ngapi tumeshinda tangu wakati ule, na ngumi ni moja tu. Aligeukia ndondi za kulipwa, akaenda Marekani. Julai 22, 1994 alipanda ulingoni kupambana na David Gonzales. Raundi ya tisa refa Joe Cortez aliona inatosha, akaingia kati. Wangila alilalamika. Alitaka kuendelea. Watazamaji nao wakazomea, wakidhani wameibiwa raundi zao. Baada ya muda mfupi, chumbani, akazimia. Alifanyiwa upasuaji wa kichwa na hakuzinduka. Tarehe 24 alikuwa amefariki, na hakuwa amefika umri wa miaka 27.

Tunaposimulia kifo hiki mtaani, sehemu ya kulalamika inasimuliwa kama ushahidi wa ushujaa. Unaona, hata wakati ule alikuwa anataka kupigana. Mimi naisoma kinyume. Pale ulingoni palikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwa na uwezo wa kujua Wangila yuko katika hali gani, na huyo mtu alikuwa Wangila. Ubongo ulioumia ndio uleule ulioulizwa kama uko sawa. Ukajibu ndiyo, kwa sababu ndivyo ulivyofunzwa tangu utotoni. Nevada ni jimbo lenye tume ya serikali inayosimamia ndondi, madaktari wapo, refa alikuwa mzoefu, na bado mtu alikufa. Kuna watakaosema basi sheria hazisaidii. Lakini angalau Las Vegas kulikuwa na mtu mwenye mamlaka aliyesema hapana mbele ya ukumbi uliotaka ndiyo. Tunaweza kubishana kama alichelewa. Kwenye kumbi zetu ndogo ubishi hata haufiki hapo, kwa sababu hapana yenyewe haina mwenyewe.

Kanuni zipo. Kwenye ndondi za ridhaa, bondia aliyepigwa kichwani hadi pambano likasimamishwa anatakiwa kupumzika siku zisizopungua 30, na akirudia kupigwa hivyo ndani ya muda mfupi mapumziko yanaongezeka, hadi mwaka mzima ikifikia mara ya tatu. Kanuni nzuri. Inaishi ndani ya kitabu kidogo cha rekodi ambacho bondia anatembea nacho, kinachogongwa muhuri na daktari. Sasa jiulize kitabu kile kinakaa wapi. Kinakaa kwa bondia, au kwa kocha wake, watu walewale wawili ambao wana sababu zote za kutaka kisisomwe. Na ndondi zetu zina nyumba mbili, shirikisho la ridhaa huku na tume ya ndondi za kulipwa kule, pamoja na mapambano ya mtaani yanayoandaliwa na mwanasiasa karibu na uchaguzi, ambayo hayana nyumba kabisa. Kijana aliyeangushwa Jumamosi kwenye ukumbi mmoja anaweza kuwa mtu mpya kabisa Jumamosi inayofuata kwenye ukumbi mwingine. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 ilitupa msajili wa michezo na mahakama ya migogoro ya michezo. Mahakama ile ina shughuli nyingi, watu wanagombania uchaguzi wa mashirikisho, nani ni mwenyekiti, nani ana muhuri. Ningependa siku moja isikilize kesi ya mkono uliovimba.

Kuna pengo jingine ambalo mtu wa nje haoni. Bondia wa Polisi, wa Magereza au wa Jeshi ana mshahara. Akivunjika kidole anaenda hospitali ya kazi, anapumzika, mwisho wa mwezi pesa inaingia. Huyo anaweza kuambiwa hapana na asife njaa. Kijana wa ukumbi wa kijamii analipwa kama Rob Finn, kwa pambano. Daktari akimsimamisha amemkata mshahara. Kwa hiyo daktari anakuwa adui, anadanganywa, anafichwa mkono, na sisi tunaita hiyo tabia ya vijana wa siku hizi. Mamlaka inayotoa leseni na kupokea ada za mapambano ingeweza kuamua kesho kwamba bondia aliyesimamishwa na daktari siku ya kupima uzito analipwa sehemu ya pesa yake. Promota atalia. Alie. Hakuna njia nyingine ya kumfanya yule kijana aunyooshe mkono wake mbele ya daktari bila kuulizwa mara mbili.

Badala ya hayo tuna harambee. Kila miaka michache kamera zinamrudia Conjestina Achieng, mwanamke aliyetufanya tuamke usiku kumtazama, tukamwita Hands of Stone. Anaonyeshwa akiwa mgonjwa, watu wanalia mitandaoni, mtu mwenye jina anaahidi, tunachanga, kimya, hadi kamera zirudi tena. Siwezi kuzisoma habari zile kwa utulivu, na si kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Ni kwa jinsi zinavyoandikwa. Zina mashabiki, zina wasamaria, zina familia, zina Mungu. Aliyekuwa anatoa leseni hayumo, kama daktari asivyokuwemo kwenye Nerve. Miaka ya mapambano inapita kwa sentensi moja, na sentensi hiyo inaishia kwenye neno bingwa. Brookshaw na Farrell nao walichangiwa, ndiyo, lakini mchango wao ukageuzwa kuwa taasisi yenye ofisi na utaratibu, hivyo joki wa tatu hakulazimika kuonyeshwa akilia ili apate kiti cha magurudumu. Sisi mchango wetu unaisha na kamera.

Nimrudie Francis, kwa sababu nisingependa aondoke kama mtu mjinga. Mwaka mmoja baada ya Nerve alitoa Odds Against, na humo akamleta Sid Halley, joki aliyekanyagwa na farasi hadi mkono wa kushoto ukaharibika. Halley hapandi tena. Anautembeza mkono ule mfukoni kama mtu aliyeiba. Sura ambayo baba mkwe wake anamlazimisha kuutoa mbele ya wageni ni mojawapo ya sura ngumu kabisa nilizosoma kwenye vitabu vya namna hii, ngumu kuliko Finn na kamba zake. Hapa jeraha halina ushindi kesho yake. Linakula nalo mezani, linavaa nalo shati. Francis alimrudia Halley tena na tena, hadi miaka ya 2000. Naamini alijua kwamba alikuwa na deni.

Hadithi zetu za michezo kwa Kiswahili bado ziko kwa Finn. Ukisoma makala za kumbukumbu za mabondia wa Nairobi, mwili unaingia ulingoni ukiwa mzima na kutoka ukiwa na mkanda. Yaliyo katikati, bendeji, vidonge vya maumivu vya duka la dawa la mtaani, vitasa vya mlango visivyozungushika asubuhi ya Jumatatu, yanaachwa kwa wake na mama. Na waandishi wa riwaya, ambao wangeweza kuyachukua, wamekuwa na shughuli nyingi na siasa na mapenzi ya chuo kikuu. Hakuna anayeandika kuhusu ofisi ndogo yenye kabati la mafaili.

Kitabu ninachokitamani kina mhusika mkuu mwanamke, daktari, mwajiriwa wa kaunti kwenye kliniki ya Makadara, anayeitwa kupima mabondia jioni kwa malipo ambayo hayaji. Hajui ngumi. Anajua mikono. Siku ya kupima uzito anashika mkono wa kijana ambaye ukumbi mzima umemlipia kiingilio, anabonyeza, na kijana anatabasamu vibaya. Nje ngoma inapigwa. Promota amesimama mlangoni na simu mbili. Mathe wa kijana amekuja na leso yake nzuri. Kurasa mia mbili zilizobaki ni za yule daktari na kalamu. Kikichapishwa, sitangoja kifike inama, nitakinunua dukani kwa bei ya dukani.